Sista Asiye na Wito

Huko Migato hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Lukresia binti Masunga kama anataka kuwa sista. Nalisema hili mapema kabisa, maana nawajua watu: mkifika mwisho mtaanza kumnyooshea kidole yule binti, oo, mwongo, oo, amemchezea Mungu. Ngojeni kwanza. Walimwita Sista kabla hajafungua mdomo, na jina ukishapewa na kijiji kizima, jaribu wewe kulivua uone.

Ilianza na ng'ombe, kama mambo yetu mengi yanavyoanza.

Mwaka aliomaliza kidato cha sita, mzee Machibya wa kule Mwanhuzi alikuja kumposea mwanawe Salu. Machibya ni mtu wa mifugo hasa. Ukiuliza njia ya kwake unaambiwa fuata vumbi. Washenga walikaa, wakavutana, wakapatana, na ng'ombe wa mahari wakaswagwa kutoka Mwanhuzi mpaka zizini kwa Masunga. Waliingia jioni, wakalala. Na kwa watu wa upande ule, ng'ombe wakishalala zizini kwa mzee, jambo limekwisha. Hawatolewi eti kwa sababu binti kanuna. Lukresia alikuwa kanuna kweli, tena kalia mpaka macho yamevimba, lakini nani alikuwa na habari naye?

Asubuhi yake akaja Yakobo, katekista wa kigango, mbio mbio na simu mkononi. Ni yeye aliyemsaidia Lukresia kuomba nafasi ya chuo kwa simu hiyo hiyo.

"Mzee Masunga, binti kachaguliwa! Chuo kikuu cha Wakatoliki! Anakwenda kusoma falsafa."

"Falsafa ndiyo nini?"

Hapo Yakobo angesema sijui, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini lini umemsikia katekista akisema sijui? Alijikuna kidevu, akakohoa kidogo. "Falsafa ndiyo masomo ya mapadre. Mafrateri wote wanaanzia hapo."

"Na mtoto wa kike?"

"Mtoto wa kike basi ni usista. Kingine kipi?"

Masunga alikuwa amebatizwa ukubwani, na imani yake ilikuwa bado ya moto, haina utani. Aliwatazama wale ng'ombe, akamtazama binti yake aliyekuwa akipepeta mtama, akavua kofia. "Kumbe Mungu alikwisha kuposa kabla ya Machibya," alisema, na machozi yakamtoka mzee wa watu. Kisha akaondoa miti ya mlango wa zizi kwa mikono yake mwenyewe, akawatoa ng'ombe mchana kweupe, majirani wote wakiona. Lo! Jambo kama hilo halijawahi kuonekana Migato. Ingekuwa kwa sababu nyingine yoyote, watu wangeshikana kwa marungu.

Machibya, ambaye alikuwa amelala pale pale kama mgeni, alitoka na fimbo yake akasimama mbele ya Masunga. "Ungekuwa umempa mwanamume mwingine, leo pangechimbika. Kwa Mungu sigombani. Lakini nikisikia ni uongo, ng'ombe hawa watarudi kwa njia hii hii, na safari hiyo hutawatoa."

"Hutasikia," alisema Masunga. Wazee wakawa mashahidi.

Na Lukresia? Alikuwa pale pale na ungo wake. Alikuwa anajua vizuri sana kwamba falsafa si usista. Aliichagua kwa sababu tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, anauliza mpaka walimu wanamwambia kaa chini, na siku moja akasikia kwamba kuna chuo ambako kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Alifungua mdomo aseme. Akaufunga. Ng'ombe walikuwa wanaondoka, jamani! Ungekuwa wewe ungewaita warudi?

Basi akaenda chuo. Na huko, niseme ukweli, alifurahi kupita kiasi. Darasani walijaa mafrateri waliofunga vifungo mpaka shingoni, wasichana wa kuhesabika, na yeye mbele kabisa, mkono juu. Wanajadili kama mtu yuko huru au anadhani tu yuko huru. Wanajadili kama kunyamaza kunaweza kuwa uongo. Wenzake walilalamika kwamba somo la mantiki ni gumu kama mfupa. Yeye alilitafuna tu. Huko hakuna aliyemwita Sista. Alikuwa Lukresia, basi, na alilala usingizi mzuri.

Siku moja mwalimu wao, padre mzee mwenye kikohozi kisichopona, alichora ubaoni kichwa cha fahali. "Huu ni mtego wa pembe mbili," alisema. "Kuna hoja inakuja hivi: ukifanya hili unaumia, usipolifanya unaumia. Mwenye akili ama anaishika pembe moja na kuivunja, ama anapita katikati ya pembe."

Lukresia akacheka kwa sauti. "Baba, wewe hujawahi kuchunga."

Darasa zima likaangua kicheko. Padre naye akacheka mpaka akakohoa. "Haya, wewe uliyechunga, mchungaji anafanyaje?"

"Anakimbia, Baba."

Alicheka na wenzake mpaka walipotoka nje. Halafu, wakati anakwenda kula, kicheko kikakatika, maana alimwona yule fahali ni wake. Nikisema ukweli nyumbani, ng'ombe wa Machibya wanarudi na ninaolewa na Salu. Nikinyamaza, nitakabidhiwa kwa masista. Na pa kukimbilia hapakuwa popote. Tangu siku hiyo furaha yake ya chuo ikawa na doa.

Sasa ndiyo tunafika likizo hii ninayoisema, likizo ya kabla ya mwaka wake wa mwisho. Aliteremka Bariadi stendi na begi la vitabu, na kabla hajatafuta bodaboda ya Migato akapitia sokoni dukani kwa mzee Nuruddin, muuza vitambaa, kumsalimia Yasmini. Yasmini ni binti wa mzee huyo, walisoma pamoja sekondari, na ndiye mtu pekee katika mkoa mzima wa Simiyu aliyeujua ukweli.

"Sista wangu jamani! Tumsifu Yesu Kristo!" Yasmini alimpokea kwa kelele, na ushungi wake ukamteleza kwa kucheka.

"Niache, Yasmini. Nimechoka."

"Umechoka na safari au umechoka na uongo? Mwambie baba yako. Kwani atakula nyama yako?"

"Hatanila. Atapokea ng'ombe."

"Basi mwambie hutaki ng'ombe wala usista. Unataka kusoma, kwisha."

"Hilo kwetu halipo. Binti ni wa mume au ni wa Mungu. Wa kwake mwenyewe hajawahi kuonekana."

Yasmini aliacha kucheka. Alikunja kitambaa alichokuwa anakunja, akakikunjua tena. "Baba yako alipita hapa juzi," alisema taratibu. "Kanunua kitambaa cheupe, kile kizuri kabisa. Nikamkatia mwenyewe. Kasema ni chako, cha Jumapili. Nilidhani unajua. Kwani Jumapili kuna nini?"

Lukresia hakuwa anajua. Akaliokota begi lake la vitabu, akatoka kutafuta bodaboda.

Bodaboda ikampeleka. Ilikuwa msimu wa pamba. Kando ya njia akina mama walikuwa mashambani wanachuma, na kila alipopita walinyanyua mikono kumsalimia. "Sista, mwadila!" Naye akaitikia, "Mwadila!" na kutabasamu, na kila tabasamu lilikuwa linamwuma mashavu. Kufika nyumbani, akamkuta baba yake ameshamfunga fahali peke yake kwenye minyaa ya ua, na fahali anayefungwa peke yake kila mtu anajua siku zake zimefika.

"Mhola, mayu?" Masunga alimjulia hali. Alimwita binti yake mayu tangu akiwa mchanga, kwa upendo, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao kwa jina la mama.

"Mhola duhu, baba. Fahali ni wa nini?"

Mzee akang'aa uso. Jumapili, alisema, Sista Wilhelmina wa misheni anakuja, yule anayewapokea mabinti wa utawa. Atamwuliza mbele ya watu wote, na yeye atajibu, na kijiji kitakula. "Na nimemwalika Machibya. Aje na Salu wake, asikie kwa masikio yake, moyo wake utulie. Si vizuri mtu akae na kinyongo na Mungu."

Hasira zilimpanda Lukresia mpaka kichwa kikamgonga. Alitaka kupiga kelele: mbona hamkuniuliza? Lakini baba yake alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, amefurahi kama mtoto aliyeona mvua, na binti akamwambia tu, "Sawa, baba." Oneni! Mtu anashinda mijadala na mafrateri kumi, kwa baba yake anabaki na sawa.

Alimwendea mama yake, Klementina, aliyekuwa nyuma ya nyumba anakata viazi vya kuanika michembe. Akakaa chini, akachukua kisu, akakata naye kidogo.

"Mama, mimi sina wito."

Klementina hakuinua macho. "Najua. Si nilikuzaa mimi?"

"Unajua? Toka lini?"

"Toka siku ile ya ungo. Mtu anayeitwa na Mungu hakodoi macho vile akitazama ng'ombe wanaondoka."

"Na ukanyamaza, mama?"

"Nikanyamaza." Alikata kiazi kingine, vipande vyembamba, vyote sawa. "Mimi ng'ombe wangu walilala, mwanangu. Sikuulizwa. Nilikuwa nataka kusomea uuguzi. Ukisema ukweli Jumapili, Jumatatu uko Mwanhuzi unakamua. Ukinyamaza utamaliza shule."

"Halafu masista watanichukua."

"Watakupeleka mahali penye vitabu. Kwa Machibya kuna kitabu gani?"

"Mama, na wewe unanisukuma?"

"Nakusukuma mbali na pale nilipoanguka mimi," alisema Klementina. Wakakata viazi mpaka ungo ukajaa.

Jumamosi Lukresia akaenda misheni kwa miguu. Alikuwa amejipangia hoja njia nzima: nitamweleza Sista ukweli, Sista ni mtu wa Mungu, atatafuta namna, labda atasema ana homa, labda ataahirisha. Akamkuta nyuma ya nyumba ya masista, mwanamke wa miraba minne, kavaa mabuti, anawamwagia nguruwe pumba.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Ee, si ndiye wa kesho wewe? Karibu!"

"Sista, sina wito. Sijawahi kuwa nao." Akamweleza yote, Yakobo, ungo, ng'ombe, Machibya na onyo lake.

Sista Wilhelmina alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa wala hakukemea. "Ahsante kwa kuniambia. Sasa kamwambie baba yako."

"Siwezi. Nakuomba kesho usiniulize."

"Nitakuuliza, binti. Baba yako ameniomba niulize, na mimi sidanganyi kwa niaba ya mtu. Lakini haya uliyoniambia hapa sitayatoa. Ni yako."

"Na nikijibu kwamba ninao?"

Sista akatua ndoo. Alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Lukresia woga kuliko kama angefokewa. "Nitapokea neno lako kama ulivyolisema. Nitalipokea mbele ya watu na mbele ya Mungu, na kuanzia hapo litakuwa neno."

Alirudi nyumbani jua likimchoma utosini, na njia nzima hakukutana na wazo hata moja la kumsaidia.

Jumapili ikafika, maana Jumapili haikosi kufika. Baada ya ibada kigangoni watu wote wakahamia kwa Masunga. Nyama ilikuwa inachemka, ngoma ilikuwa inajaribiwa jaribiwa, na Lukresia alikuwa kavalishwa gauni la kile kitambaa cheupe, lilimbana kwapani. Yakobo katekista alikuwa anazunguka na kujisifu kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Mzee Machibya alikuwa kaketi kwenye kigoda cha wageni, fimbo kati ya magoti, na Salu kasimama nyuma yake. Na kitu kimoja kiliwafanya watu wanong'one: Machibya hakuja mikono mitupu. Alikuja na mtamba mmoja mweupe, amefungwa kwenye minyaa pale alipokuwa fahali.

Sista Wilhelmina akasimama, na kelele zikatulia. "Lukresia binti Masunga," alisema, "wazazi wako wameniita. Nakuuliza mbele ya jamaa zako. Je, unao wito wa utawa?"

Sasa sikia ujanja wa msomi. Alikuwa hajalala, alikuwa ametafuta ile njia ya katikati ya pembe, na akadhani ameipata. Akainamisha kichwa kwa heshima. "Sista, mimi bado mwanafunzi. Bado natafuta."

Si uongo, unaona? Na Sista akaiona nafasi ile ile, akaidaka haraka. "Jibu zuri. Basi tumwache atafute, tumwombee, na sisi tule." Watu wakaanza kupiga makofi. Moyo wa Lukresia ukaruka. Alikuwa anapita, jamani, alikuwa katikati kabisa ya pembe anapita!

Machibya akakohoa.

"Anatafuta nini?" Hakupandisha sauti. "Masunga, ulinitolea ng'ombe kwa mtu anayetafuta? Mimi niliambiwa amekwisha kupatikana. Mwanangu hajaoa mpaka leo. Nataka kusikia neno moja tu. Mtoto huyu ni wa Mungu, au si wa Mungu?"

Macho yote yakahamia kwa Lukresia. Hata wapiga ngoma waliacha mikono juu ya ngozi. Masunga alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akamgeukia binti yake, kofia mkononi. "Mayu," alisema, "waambie basi. Waambie kama ilivyo."

Lukresia akamtazama Salu. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, naye pia hakuna aliyemwuliza. Akamtazama mama yake mlangoni, na Klementina akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Akamtazama Sista. Akamtazama baba yake aliyewatoa ng'ombe wa watu mchana kweupe, akaapa mbele ya wazee kwa kitu asichokijua, kwa furaha tupu. Akaona kwamba akisema hapana, baba yake ataitwa mwongo na watu hawa hawa mpaka anazikwa, na yeye atakuwa njiani kwenda Mwanhuzi kabla nyama haijaliwa.

"Ndiyo," alisema. "Wito ninao."

Vigelegele! Ngoma ikaanza, wanawake wakamzunguka, Yakobo akarusha kofia, Masunga akalia bila kujificha. Katikati ya kelele zile Sista Wilhelmina alikuwa anamwangalia tu. Alingoja watu watulie. "Nimesikia," alisema. "Amebakiwa na mwaka mmoja wa masomo. Amalize. Akimaliza nitakuja kumchukua mwenyewe." Na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Mwaka mmoja. Lukresia aliushika mwaka ule kichwani kama mtu anavyoshika kitu cha mwisho kilichobaki mfukoni.

Lakini bado. Machibya alikuwa amesimama, kamkumbatia Masunga, na yeye macho yamelowa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa na kinyongo. Sasa kimekwisha." Akaelekeza fimbo kwa yule mtamba. "Mama wa mtamba huyu ndiye aliyekuwa mbele siku ile ng'ombe wangu walipolala hapa. Leo namleta mwanawe. Si kwa ajili ya Salu. Nilimwambia Mungu, kama mtoto huyu ni wako kweli, na wewe huku kwetu huna ng'ombe, basi mahari yako nitakutolea mimi."

Watu wakacheka na kushangilia. Walisema hajawahi kuonekana mzee muungwana kama huyu. "Alale!" walipiga kelele. "Mtamba alale!"

Kwa kawaida binti anayetolewa mahari hasogei zizini ng'ombe wakiingia. Anakaa ndani na shangazi zake. Lakini hii haikuwa harusi, walisema, na Masunga kwa furaha yake akaona heshima hiyo impate mwanawe. "Njoo, mayu. Mwingize mwenyewe kwa mkono wako."

Akaenda. Gauni jeupe likaburuza kwenye samadi. Akaondoa miti ya mlango mmoja mmoja, akaishika kamba, akamvuta mtamba mpaka katikati ya zizi. Alikuwa mpole, alimfuata bila kukataa. Akamfungua kamba shingoni.

"Funga, mayu," baba yake alimwita, "asije akatoka!"

Lukresia akarudi mlangoni, akaichukua miti, akaipitisha mahali pake mmoja baada ya mwingine mpaka wa juu kabisa. Alipomaliza akainua macho, na watu wote walikuwa nje, upande wa pili wa miti, wanampigia makofi.